Kupanga Gereji ya Nyumbani kwa Baiskeli na Mazoezi: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakashindwa

Wasomaji wengi wamenieleza jambo moja kwa maneno tofauti. Waliitoa mizigo yote gerejini siku ya mapumziko, wakafagia, wakanunua kulabu na mkeka, wakafurahia matokeo kwa wiki kadhaa. Kufikia mwezi wa tatu baiskeli zilikuwa zimeegemeana tena, pedali ya moja ikiwa imenasa katika spoki za nyingine, na mkeka ulikuwa umekunjwa nyuma ya maboksi. Wakarudia zoezi lile lile, na matokeo yakawa yale yale.

Chanzo, kwa kadiri nilivyoona kwangu na kwa wengine, ni kwamba tunapima vitu na kusahau kupima mwendo. Baiskeli ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 170 hadi 185, nasi tunaitengea urefu huo huo, ilhali baiskeli hiyo inapaswa kugeuzwa na kusukumwa na mtu anayetembea kando yake. Mkeka wa mazoezi una upana wa sentimita 60, lakini mtu anayeulalia na kutanua mikono huhitaji upana unaokaribia urefu wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwongozo huu una vipimo 2 tu vya mafanikio, na kila hatua inavitumikia: baiskeli yoyote itoke nje bila kuigusa nyingine, na zoezi la kwanza lianze bila kuhamisha kitu chochote. Pale ambapo gari pia linalala gerejini, kuliondoa gari ndicho kitu pekee kinachoruhusiwa kuhamishwa.

## Vifaa vya kuandaa

- Tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi, pimamaji, chaki, na tepu ya karatasi inayotumiwa na mafundi wa rangi.
- Kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, na gundi tepu ya kukibandikia sakafuni.
- Drili. Kwa ukuta wa zege au tofali iwe ile inayogonga huku ikizunguka, pamoja na biti zinazolingana na plagi (vile vichomekwa vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) au bolti utakazotumia.
- Ubao imara wenye unene wa sentimita 2.5 hadi 4 na upana wa sentimita 15 hivi, wenye urefu wa kutosha sehemu ya ukuta itakayobeba baiskeli.
- Kulabu za baiskeli zilizovikwa mpira au plastiki, bolti, washa na skrubu za mbao.
- Mpira wa sakafu wenye unene wa milimita 8 hadi 20. Sababu ya tofauti hiyo imeelezwa katika hatua ya 7.
- Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi.
- Mtungi wa kuzimia moto.

Usinunue kulabu wala mpira wa sakafu kabla ya kumaliza hatua ya 4. Ninasisitiza hili kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea: mtu hununua kwanza, kisha hulazimika kuipanga gereji kulingana na alichonunua.

## Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Toa vitu vyote, hata vile unavyodhani vimekaa mahali pake. Sakafu na kuta lazima zionekane zote, la sivyo utapima mabaki ya mpangilio wa zamani badala ya kupima gereji.

Vikiwa nje, vigawe kwa jinsi unavyovitumia: vya kila wiki, vya mara chache kwa mwaka, na vile ambavyo hukumbuki ulivigusa lini. Hivi vya mwisho visirudi ndani. Madumu ya petroli yawekwe pembeni kabisa, yatafutiwe makao nje ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kukusanyika sakafuni, yaani mahali pale pale utakapolala kufanya mazoezi ya tumbo. Cheche moja ya umeme, au mwali mdogo wa kifaa cha kupasha maji, unatosha kuuwasha.

## Hatua ya 2: Pima mlango ukiwa wazi

Hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Mlango wa gereji unaopanda juu hulala chini ya dari ukishafunguliwa, na reli zake pamoja na mota hushuka chini zaidi ya hapo. Mtu akipima kimo cha dari mlango ukiwa umefungwa, atapata kipimo asichoweza kukitumia, maana mazoezi mengi yatafanyika mlango ukiwa wazi ili hewa ipite.

Fungua mlango kikamilifu, kisha andika vimo 4: kutoka sakafuni hadi darini mahali pasipo na kizuizi, hadi chini ya mlango uliolala, hadi chini ya mota au reli, na hadi chini ya boriti iliyo chini kuliko zote. Pima pia upana wa mlango wenyewe, na umbali kati ya ukuta na kila kitu kisichohamishika, kama vile bomba, mita ya umeme, ngazi au mlango unaoingia nyumbani. Mlango huo wa ndani ukifungukia gerejini, chora kwa chaki sehemu ya sakafu ambayo mlango huo hupita juu yake ukifunguka.

Kisha jipime wewe. Simama wima, nyanyua mikono juu ukiwa umekunja ngumi, na mwombe mtu apime hadi juu ya ngumi. Ukikusudia kunyanyua chuma kirefu chenye visahani juu ya kichwa, ongeza sentimita 22.5, kwa sababu kisahani kikubwa cha kawaida kina kipenyo cha sentimita 45, halafu ongeza nyingine 10 za usalama. Mtu wa sentimita 175 hufikia karibu sentimita 250 kwa hesabu hiyo, na gereji nyingi hazina kimo hicho chini ya mlango uliofunguliwa. Kwa kuruka kamba, sentimita 30 juu ya kichwa hutosha.

Kimo kisipotosha, usiache mazoezi hayo: yafanye ukiwa umeketi kwenye benchi, au yahamishie sehemu ambayo mlango haufikii.

Onyo: usifunge wala usitundike chochote kwenye reli, waya au springi za mlango wa gereji. Springi hizo zimevutwa kwa nguvu kubwa mno, na ikifyatuka moja inaweza kuvunja mkono. Hata kuzirekebisha ni kazi ya fundi wake.

Umefaulu ukiwa na mchoro wa gereji wenye namba zote, ambao mtu asiyeijua gereji yako angeweza kuufuata.

## Hatua ya 3: Chunguza unyevu na mteremko wa sakafu

Bandika kile kipande cha nailoni sakafuni, gundi tepu ikiziba pande zote 4, ukiache kwa muda usiopungua saa 16. Ukikibandua, tazama matone yako upande gani. Yakiwa chini ya nailoni, au zege likiwa limebadilika rangi na kuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu ya nailoni, unyevu unatoka hewani. Pakiwa pakavu pande zote mbili, endelea.

Tofauti hii ina maana. Unyevu wa ardhini hautatibiwa na feni. Ukiufunika kwa mpira utazalisha ukungu na harufu, kwa hiyo ni lazima sakafu ipakwe kizuia maji kwanza, au mpira uwe wa vipande vinavyoinuliwa mara kwa mara. Unyevu wa hewani ndio unaosababisha kutu kwenye cheni na vyuma vya mazoezi, na dawa yake ni kupitisha hewa.

Kuhusu mteremko, weka pimamaji juu ya ubao mnyoofu wenye urefu wa mita 1. Sakafu za gereji mara nyingi huteremka kuelekea mlangoni, kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ili maji yatoke. Andika mteremko unaelekea wapi. Niliupuuza nilipoanza, nikaweka dambeli za mviringo kando ya mkeka; moja ikabingirika taratibu, kimya kabisa, ikavuka mita 4 za sakafu na kuipiga rimu ya mbele ya baiskeli iliyokuwa imesimama mlangoni. Rimu ilipinda.

## Hatua ya 4: Gawa nafasi kwa kufuata mwendo

Kanuni ya msingi ni kwamba baiskeli zikae karibu na mlango, na mazoezi yafanyike sehemu ya ndani. Baiskeli huingia na matope na hutoka kwa haraka. Haifai zipitishwe juu ya mkeka. Mazoezi nayo huhitaji sehemu tulivu ambayo hakuna anayeikatiza. Ninajua wapo wanaopenda kufanya mazoezi mlangoni kwa ajili ya hewa, lakini kila niliyemwona akifanya hivyo aliishia kuhamisha mkeka kila mtu wa nyumbani alipotaka baiskeli yake.

Chora kwa chaki njia ya baiskeli kutoka kila mahali pa kuitundika hadi nje. Njia hiyo iwe na upana wa mita 1 hadi 1.1, yaani nafasi ya usukani pamoja na mwili wa anayesukuma. Mahali pa kugeuzia panahitaji karibu urefu mzima wa baiskeli. Njia inaweza kupita mahali pa kuegesha gari ikiwa gari huondoka kabla ya baiskeli. Kama halitoki, njia hiyo haipo.

Kisha chora eneo la mazoezi. Mazoezi ya mwili mtupu na dambeli yanataka mita 2 kwa 2. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina urefu wa sentimita 220, na mtu anahitaji nusu mita hivi kila upande ili kubadilisha visahani, hivyo upana wa mita 3 au zaidi unahitajika. Mashine ya kukimbilia iachiwe mita 2 tupu nyuma yake na nusu mita kila upande. Nyuma ya mashine hiyo pasiwe na ukuta wala baiskeli: anayeteleza hurushwa nyuma kwa kasi ya mkanda, na pedali za chuma ni kitu kibaya cha kuangukia.

Gereji ya mita 3 kwa 6 isiyo na gari inavibeba vyote hivi, isipokuwa mashine ya kukimbilia na chuma kirefu kwa pamoja, chagua kimoja. Gereji ya ukubwa huo yenye gari inaweza kubeba baiskeli 2 au 3 ukutani, benchi la kukunja na rafu ya dambeli, na mazoezi yafanyike mahali gari lilipokuwa.

Baada ya chaki, bandika tepu ya karatasi juu ya mistari, rudisha baiskeli na mkeka bila kufunga chochote ukutani, na uishi hivyo kwa siku 7. Hatua hii inakera, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Lakini tepu iliyochakaa na kuchanika mahali fulani inakuambia kwamba watu hupita hapo, hata kama mchoro wako unasema hawapiti. Sogeza mstari ufuate miguu ya watu.

Umefaulu tepu ikimaliza wiki bila kuchanika.

## Hatua ya 5: Chagua namna ya kuhifadhi kila baiskeli

Usitafute njia moja kwa baiskeli zote. Mtumiaji na uzito wa baiskeli ndivyo vinavyoamua.

Kuitundika wima kwa gurudumu la mbele. Njia hii hula upana mdogo kuliko zote, ila baiskeli hutokeza kutoka ukutani kwa mita 1.1 hivi. Katika gereji yenye upana wa mita 3 zitabaki chini ya mita 2, kwa hiyo gari halitaingia. Kulabu zikiwa kwenye kimo kimoja, usukani hugongana; zipishanishe, moja ikiwa juu ya jirani yake kwa sentimita 20 hadi 30, na hapo unaweza kuziachia sentimita 40 hadi 50 tu. Kwa baiskeli za milimani, ambazo usukani wake hufika sentimita 80, ongeza nafasi hiyo.

Kuilaza sambamba na ukuta. Baiskeli hukaa kama inavyokaa barabarani, ikiwa juu ya mikono 2 ya chuma. Inatokeza kwa upana wa usukani na kidogo zaidi, kwa hiyo ndiyo njia ya kufaa pale gari linapolala ndani, ikiwa juu ya kiwango cha boneti. Ubaya wake ni kwamba unainua uzito wote mikononi. Usiibane kwa nguvu fremu ya kaboni. Iegemee tu juu ya mikono iliyovikwa sponji.

Kuivuta darini kwa kamba na kapi. Inafaa kwa baiskeli isiyotumika miezi mingi. Kwa ile ya kila siku haifai hata kidogo, maana baada ya wiki mbili itaachwa imeegemezwa ukutani. Kapi zifungwe kwenye boriti au mbao za kenchi, kamwe si kwenye ubao wa jasi wa dari.

Kuisimamisha sakafuni. Kwa watoto, kwa wazee, na kwa baiskeli za umeme zenye kilo 20 hadi 25 au zaidi, hii ndiyo njia pekee ninayoipendekeza. Mtoto asipoweza kuirudisha baiskeli yake mwenyewe, ataiacha katikati ya njia, na hilo si kosa lake.

Wanaotundika wima huuliza kuhusu breki za mafuta. Mfumo ambao hauna hewa ndani hauathiriki. Ukiishusha baiskeli na kukuta mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani, kuna hewa iliyohama; iache isimame, bonyeza breki mara kadhaa, na hali isiporudi usiiendeshe mpaka hewa iondolewe na fundi. Bonyeza breki zote mbili kila unaposhusha baiskeli, kabla ya kuipanda.

## Hatua ya 6: Funga ubao, kisha kulabu

Sipendekezi kufunga kulabu moja kwa moja ukutani. Funga ubao mmoja mrefu kwa bolti, kisha kulabu zifungwe kwenye ubao. Uzito unagawanyika, na baadaye unaweza kusogeza kulabu kwa sentimita 10 bila kutoboa ukuta upya. Na utazisogeza, maana baiskeli za nyumbani hubadilika.

Ili kupata kimo, simamisha baiskeli kwa gurudumu la nyuma dhidi ya ukuta, weka alama mahali upande wa ndani wa rimu ya mbele unapofika juu, na ongeza sentimita 10. Hiyo ndiyo kulabu ya chini. Ya jirani iwe juu zaidi kwa sentimita 20 hadi 30. Ubao wa sentimita 15 hautoshi kwa tofauti hiyo, hivyo funga mbao 2, moja juu ya nyingine. Mbao zote zinyooshwe kwa pimamaji, si kwa kufuata sakafu, ambayo tayari unajua inateremka.

Sasa ukuta wenyewe, ambao ndio kiini cha hatua hii.

Ukuta wa zege au tofali lisilo na tundu ndio rahisi kuliko zote. Toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye kiungo cha saruji kati ya matofali, kwa sababu kiungo humomonyoka. Tundu liwe refu kuliko plagi kwa sentimita 1 hivi, na upulize au ufyonze vumbi lote kabla ya kuingiza plagi. Plagi iliyoketi juu ya vumbi huteleza.

Ukuta wa fremu ya mbao uliofunikwa kwa mbao nyembamba au jasi una nguzo za ndani, ambazo kwa kawaida huachana kwa sentimita 40 au 60 kutoka katikati hadi katikati. Gonga ukuta ukisikiliza mahali sauti inapogeuka kutoka wazi kuwa nzito, kisha hakikisha kwa msumari mwembamba. Skrubu ziingie ndani ya nguzo hizo kwa sentimita 4 hadi 5. Jasi peke yake halibebi baiskeli.

Ukuta wa tofali zenye tundu ndio unaohadaa. Kulabu yangu ya kwanza ilishika kwa wiki 3, nami nilikuwa nimeshawaonyesha wageni. Usiku mmoja tukasikia kishindo. Asubuhi nilikuta ukutani tundu la upana wa kidole gumba, na sakafuni skrubu ikiwa bado imevaa plagi yake ya plastiki, nyororo kama siku niliyoinunua, bila hata mkwaruzo mmoja. Haikuwa imepata kitu cha kukumbatia: nilitoboa ukuta mwembamba wa tofali, na plagi ikatanuka ndani ya hewa. Kwa ukuta wa namna hii tumia gundi ya kemikali pamoja na mfuko wa wavu unaoijaza nafasi tupu, au bolti zinazopenya hadi upande wa pili na kukazwa kwa washa pana. Ukihisi drili inazama ghafla bila upinzani wakati wa kutoboa, tayari umeingia katika tundu, hata kama muuzaji alikuambia ukuta ni imara.

Kulabu zikishafungwa, zijaribu kabla ya kuziamini. Tundika kwenye kila moja gunia la mchanga lenye uzito mara 2 ya baiskeli, uliache siku nzima, kisha tazama kama kuna ufa mpya au kama ubao umeachana na ukuta. Baada ya hapo bandika kipande cha plastiki au ubao mwembamba mahali matairi yanapogusa ukuta.

Umefaulu ukiweza kutundika na kushusha kila baiskeli mara 3 mfululizo bila usukani kugusa baiskeli nyingine. Fanya jaribio hilo ukiwa na yule mtu wa nyumbani mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

## Hatua ya 7: Tandika sakafu na weka vyuma

Kwa mazoezi ya mwili na dambeli nyepesi, mpira wa milimita 8 hadi 10 unatosha. Ukinyanyua vyuma vizito vinavyoweza kudondoka, tumia wa milimita 20 hivi. Kipande cha mita 1.2 kwa 1.8 chenye unene huo kina uzito wa kilo 45 hivi, jambo ambalo ni zuri kwa kuwa hakitelezi, ila omba msaada wa kukibeba. Sponji laini zinazounganishwa kama meno hazifai chini ya uzito mkubwa: mguu huzama, kifundo huyumba, na sponji hubaki na mashimo.

Acha pengo la sentimita 1 ukutani ili mpira upate kutanuka wakati wa joto, na usiugundishe. Mpira mpya hunuka. Uanike kivulini nje kwa siku kadhaa.

Mteremko unaamua utaelekea wapi. Simama ukitazama mlango au ukiupa mgongo, ili nyayo zote mbili ziwe kwenye kimo kimoja. Ukisimama ubavu kwa ubavu na mteremko, nyonga moja itakuwa chini ya nyingine katika kila unyanyuaji. Mwelekeo huo, hata hivyo, ndio unaokiruhusu chuma kirefu kubingirika kuelekea baiskeli, kwa hiyo funga kipande cha ubao sakafuni kati ya maeneo hayo mawili, au nunua dambeli zenye pembe 6.

Vyuma vizito vikae chini kabisa ya rafu, na vyepesi juu. Rafu iguse ukuta wa nyuma, ifungwe kwa bolti ili isipinduke.

## Hatua ya 8: Umeme, taa, hewa na betri

Weka taa 2 au zaidi badala ya moja ya katikati, kwa sababu taa moja hukutupia kivuli chako mwenyewe pale unapotaka kuona mikono. Taa iliyo juu ya eneo la mazoezi iwe bapa, iliyoshikana na dari.

Mashine ya kukimbilia ipate soketi yake yenyewe. Waya mwembamba wa kuongezea urefu hupata moto, na ukipita njiani huwa mtego wa miguu na magurudumu.

Kamwe usiwashe injini ya gari ndani ya gereji wakati mtu anafanya mazoezi, hata mlango ukiwa wazi. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo katika moshi wa injini, haina rangi wala harufu, na mtu anayehema kwa nguvu huivuta kwa wingi zaidi. Toa gari, fungua mlango, washa feni inayosukuma hewa kuelekea nje, na usianze hadi harufu ya moshi iishe kabisa, huku ukikumbuka kwamba kutoweka kwa harufu ni dalili ya kwanza tu. Ipe hewa muda zaidi ya hapo.

Betri za baiskeli za umeme zichajiwe kwa chaja iliyokuja nazo, ukiwa macho, juu ya sakafu ya zege na si juu ya mpira. Zisichajiwe kwenye njia ya kutokea. Betri isiyotumika kwa muda mrefu ihifadhiwe ikiwa na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo na joto kali. Betri iliyovimba, iliyopigwa au inayonuka isichajiwe tena. Mtungi wa kuzimia moto utundikwe karibu na mlango wa kutokea ili uuchukue ukiwa unaelekea nje, ingawa moto wa betri ukishashika, kazi yako ni kutoka na kuwaita wazima moto.

## Hatua ya 9: Zuia wizi

Funga pete ya chuma ukutani au sakafuni kwa bolti ambazo vichwa vyake haviwezi kufunguliwa kutoka nje, na upitishe mnyororo kwenye fremu, si kwenye gurudumu peke yake. Piga picha ya kila baiskeli pamoja na namba ya fremu, ambayo mara nyingi huchongwa chini ya mhimili wa pedali. Gereji ikiwa na madirisha, vioo vyake vipakwe rangi ya kuvififisha ili mtu wa nje asione ndani.

## Hatua ya 10: Jaribu, kisha rudi baada ya mwezi

Siku ya kwanza, chukua saa. Kutoka mlangoni hadi baiskeli yoyote iwe nje, dakika 1. Kutoka mlangoni hadi zoezi la kwanza, dakika 2, bila kuhesabu muda wa kutoa gari. Ukizidi hapo, kuna kitu kinachohamishwa, kitafute.

Baada ya wiki 4 tazama kitu gani kimetua juu ya mkeka. Kwangu ilikuwa pampu na helmeti. Zilitua hapo kwa sababu kulabu zake zilikuwa ndani, nyuma ya benchi, ilhali watu huzivua mlangoni. Nilizihamishia kwenye ukuta wa mlangoni, kwenye usawa wa bega, na hazikurudi tena mkekani.

Siku hiyo hiyo inua pembe za mpira uone kama kuna unyevu, kisha kaza tena bolti zote za mbao. Ubao hukauka na kusinyaa kidogo baada ya kufungwa, na bolti iliyokuwa imekaza vizuri mwanzoni hukubali kukazwa tena kwa robo ya mzunguko, wakati mwingine nusu.